Mwanga Hufika Mapema, Data Huchelewa

Mwanga ukiingia ndani ya kioo hupunguza mwendo. Kwenye anga tupu huenda kilomita laki tatu kwa sekunde. Ndani ya uzi wa faiba huenda takriban laki mbili. Hata hivyo, kilomita 40 za faiba, umbali unaovuka sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam, humalizwa kwa sehemu mbili za kumi za milisekunde. Jibu likirudi, jumla haijafika hata nusu milisekunde. Kwa hiyo mtu aliye Mikocheni akifungua mfumo wa ofisi uliowekwa katikati ya mji, ukurasa ukagoma kufunguka mpaka akaenda kumimina chai, umbali si kisingizio. Kuna kitu kimemchelewesha njiani, na kitu hicho kinaweza kutafutwa kikapatikana.

Zamani lawama zote zilielekezwa juu, angani. Kabla ya 2009 pwani yetu ilitegemea satelaiti zilizotundikwa kilomita 36,000 juu ya ikweta, na swali moja na jibu lake vilikula karibu nusu sekunde hata kama kila kitu kingine kilikuwa sawa. Mwaka 2009 kebo ya baharini ya TEAMS ikatua Mombasa ikitokea Fujairah, SEACOM ikatua Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka uliofuata EASSy ikaingia kazini. Tanzania ikatandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, Kenya ikatandaza wake, NOFBI. Bahari ikafunguka, nchi kavu ikafuata, na tatizo likahamia mahali ambapo watu wengi hawakulitarajia: katika kilomita chache za mwisho, ndani ya miji yenyewe.

Malalamiko yakizidi, kampuni nyingi zina jibu moja: kununua mashine kubwa zaidi. Gigabiti 10 hazitoshi, leteni 100. 100 zimejaa, leteni 400. Mashine hizo ni nzuri, na wapo wanaozihitaji kweli. Lakini katika mitandao ya miji yetu, mashine ingepaswa kuwa ya nne katika orodha ya matumizi, baada ya maungio, njia na foleni. Anayeanza na mashine hulipia uwezo ambao mtaro wake hauwezi kuubeba.

Tuipe mashine haki yake kwanza. Kwa miaka mingi data ilipitishwa kwenye faiba kwa njia rahisi kuliko zote: leza ikiwaka ni moja, ikizimika ni sifuri. Kasoro yake ni kwamba hakuna leza inayotoa rangi moja tupu, hasa inapowashwa na kuzimwa mabilioni ya mara kwa sekunde, na ndani ya kioo kila rangi ina mwendo wake. Mpigo wa mwanga uliotoka mwembamba hufika umenenepa, ukamkanyaga jirani yake. Kwenye faiba ya kawaida, ile ya kiwango cha G.652 iliyojaa mitaroni mwetu, gigabiti 10 kwa sekunde huvumilia hali hiyo kwa kilomita kama 80 hivi. Ukitaka gigabiti 40 kwa mbinu ileile, umbali haupungui mara nne. Unapungua mara kumi na sita, kwa kuwa kila mpigo umekuwa mfupi mara nne na papo hapo umetapakaa kwenye rangi nyingi mara nne. Zinabaki kilomita 5. Hazitoshi hata kutoka Ubungo kufika Kariakoo.

Ukuta huo ulivunjwa mwishoni mwa muongo wa 2000, pale wahandisi walipoacha kuhesabu kuwaka na kuzimika tu. Mpokeaji wa kisasa ana leza yake mwenyewe, anayolinganisha nayo mwanga unaoingia, na kwa kulinganisha huko husoma mambo mengi kwa pamoja: kimo cha wimbi, fazi yake, na mielekeo miwili ya mtetemo wake. Ule unene wa mipigo haumsumbui tena, kwa sababu chipu iliyomo ndani huufuta kwa hesabu. Faiba iliyofukiwa enzi za gigabiti 2.5 ikaweza kubeba 100 bila jembe kugusa ardhi. Mwaka 2020 jukwaa la viwanda vya vifaa vya mwanga, OIF, likakamilisha makubaliano ya 400ZR: gigabiti 400 kwa sekunde kutoka kwenye kifaa kinachoshikika kwa vidole viwili, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ruta na kufika hadi kilomita 120 kukiwa na vikuza mwanga. Kilomita 120 ni ukubwa wa jiji na viunga vyake. Kifaa hicho kililengwa masafa kama haya.

Ila kina masharti. Ili kubana data nyingi kiasi hicho kwenye wimbi moja, husoma ngazi kumi na sita za alama badala ya nne, na ngazi zikisogeleana, kelele ndogo tu huzichanganya. Kutoka alama nne kwenda kumi na sita, kwa mwendo uleule wa alama, kunadai ishara iliyo safi kwa karibu desibeli 7 zaidi. Desibeli 7 ni mara tano. Usafi huo haununuliwi pamoja na kifaa. Uko, au haupo, kwenye waya uliokwisha kufukiwa.

Kioo chenyewe hakina hatia. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Uingereza, walieleza kwamba mawasiliano kwa faiba yangewezekana iwapo upotevu wa mwanga ungeshushwa hadi desibeli 20 kwa kilomita, maana yake asilimia moja tu ya mwanga ibaki baada ya kilomita moja. Mwaka 1970 maabara ya Corning ya Marekani ikavuka lengo hilo kwa kufikia 17. Leo faiba ya kawaida hupoteza desibeli 0.2 kwa kilomita. Baada ya kilomita 50 bado sehemu moja ya kumi ya mwanga ipo. (Kao alipewa Nobel mwaka 2009, mwaka uleule mikongo ilipotua kwetu.) Nusu karne ya sayansi imekisafisha kioo mpaka karibu hakuna pa kusafisha zaidi. Halafu sisi tunakikata na kukiunga gizani, mvua ikinyesha.

Njia ya mwanga katikati ya uzi ina upana wa mikroni 9 hivi. Unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa. Kuunga nyuzi mbili maana yake ni kuzikata wima kabisa, kuzipanga zitazamane bila kupishana hata kwa mikroni moja, kisha kuziyeyusha zishikane. Fundi makini mwenye mashine nzuri na hema juu ya kichwa hupoteza chini ya desibeli 0.1. Fundi yuleyule, akiwa amechuchumaa ukingoni mwa chemba iliyojaa maji saa nane usiku, simu zikimwita kila dakika, hupoteza mara tatu au nne ya hapo, na si kwa uzembe. Kisha kebo iliyokatwa na kijiko cha mashine ya kuchimba haiungwi moja kwa moja, kwani imevutika na kupasuka pande zote mbili. Hupachikwa kipande kipya katikati, na kila mkato mmoja huzaa maungio mawili.

Hesabu ya laini ya nyumbani inaonyesha ubaya wa jambo hili. Mfumo wa GPON, ambao ndio unaopeleka faiba majumbani katika miji mingi yetu, una bajeti ya desibeli 28 katika daraja lake linalotumika sana. Kilomita 20 za waya hula kama 7 kwenye rangi ya kurudisha data. Kigawanyio kinachogawa mwanga kwa nyumba 32 hula kama 17. Zimebaki 4 kwa ajili ya kila kiunganishi, kila ungio na kila kona ambayo fundi umeme ameikunja kebo nyuma ya kabati. Mtaa uliokatiwa waya mara sita una maungio kumi na mawili ya ziada. Kwa kazi nzuri ni desibeli moja na ushei, kwa kazi ya usiku ni zote nne. Nyumba iliyo mwisho wa laini inaanza kukatikakatika, mteja anapiga simu, na anaambiwa azime ruta na kuiwasha.

Kuna makosa ya kijinga zaidi ya hayo. Vichwa vya kijani vya viunganishi vimekatwa mshazari wa nyuzi 8 ili mwanga unaorudi nyuma usiirudie leza. Vya buluu havina mshazari. Vina umbo moja, vinaingiliana bila shida, na ukivichomeka pamoja unapoteza desibeli kadhaa kwenye nafasi isiyozidi unene wa karatasi. Au chembe moja ya vumbi, iliyobanwa kati ya vioo viwili. Kitambaa cha kusafishia na kioo cha kukuzia ni senti mbele ya bei ya ruta, na sioni uwekezaji wenye faida kuliko huo katika taaluma hii nzima.

Kipimo kinachofichua haya yote kipo na wakandarasi wanacho: OTDR, ambacho hutuma mwanga ndani ya waya na kusikiliza mwangwi wake, kikachora kila ungio na umbali lilipo. Tatizo liko kwenye mkataba. Mkandarasi wa matengenezo hulipwa kwa kurudisha huduma ndani ya saa zilizokubaliwa, na huduma huhesabiwa imerudi pale taa ya kijani inapowaka. Hakuna anayemlipa arudi mchana, jua likiwaka, aurudie ungio ule wa usiku. Laiti kila mkataba ungeweka kiwango cha juu cha upotevu kwa ungio na kudai mchoro wa OTDR kabla ya malipo, mitandao mingi ingeongeza uwezo bila kununua chochote. Waya uliookolewa desibeli 3 kati ya vituo viwili una mwanga mara mbili, na huo ndio unaoamua iwapo kifaa cha gigabiti 400 kitafanya kazi kwa 400 au kitashushwa hadi 200.

Umbo la mtandao wa jiji kwa kawaida ni pete. Vituo hupangwa kwenye duara ili upande mmoja ukikatika data igeuke na kupita upande wa pili. Teknolojia ya zamani ya SDH iliweka kipimo ambacho hadi leo watu hukitaja kwa heshima: kugeuza ndani ya milisekunde 50, kiasi kwamba mtu aliye kwenye simu hashtuki. Mitandao ya leo inayotegemea ruta inaweza kufika hapo, ikiandaliwa. Isipoandaliwa, ni habari nyingine. Itifaki ya OSPF ikiachwa na vipimo vyake vya kawaida hutuma salamu kila baada ya sekunde 10 na kusubiri sekunde 40 za kimya kabla ya kutangaza kwamba jirani amekufa. Ruta ikiona mwanga wenyewe umezimika huchukua hatua mara moja. Lakini kukiwa na swichi katikati, mwanga hauzimiki. Taa zote zinawaka, data inamwagika shimoni, na sekunde 40 zinahesabiwa. Dawa yake ni mistari michache ya usanidi.

Pete nyingi pia zina kasoro ya hesabu ambayo haionekani siku za kawaida. Upande wa kulia unatumika asilimia 60, wa kushoto 60, na ripoti ya mwezi inasema mtandao una afya. Siku ya mkato, upande uliobaki unatakiwa kubeba 120. Haubebi. Kwenye ripoti pete imefanya kazi yake, kwani huduma haikukatika. Kwa mteja mtandao umetambaa siku nzima. Pete inayotegemewa haipaswi kuvuka nusu kwa kila upande saa za msongamano, na yule anayetaka kuuza ile nusu ya pili anauza bima ya wateja wake waliopo.

Kibaya kuliko vyote ni pete ambayo si pete. Kwenye mchoro wa ofisini nyaya mbili zinaondoka kituoni kwa pande tofauti. Ardhini zote mbili zinapita kwenye bomba moja chini ya daraja moja, kwa sababu mto una daraja moja, au kwa sababu kampuni ilikodi upande wa pili kutoka kwa mwenzake bila kuuliza waya wa mwenzake unapita wapi. Kijiko kimoja hukata pete nzima. Katika jiji kama Dar es Salaam, ambako barabara kuu zinazoingia mjini ni chache na bonde la Msimbazi linaukata mji katikati, njia mbili zilizo tofauti kweli ni mali adimu, na ni lazima mtu atembee kwa miguu akizihakiki, chemba kwa chemba.

Sasa foleni. Data husafiri kwa pakiti, na kila ruta ina ghala dogo la kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu pale njia ya kutokea inaposongwa. Silika ya mnunuzi ni kutaka ghala kubwa, ili pakiti zisitupwe. Lakini itifaki ya TCP, inayobeba sehemu kubwa ya data duniani, hutambua msongamano kwa kuona pakiti zikitupwa. Ghala likiwa kubwa mno, haioni kitu. Inazidi kusukuma, foleni inarefuka, na sauti ya mkutano wa video inakwama nyuma ya sinema ya mtu mwingine. Kupanua eneo la kusubiria pale kivukoni Magogoni hakuongezi pantoni. Mhandisi Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili mwaka 2010 na 2011, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa mbinu ya CoDel, inayopima muda ambao pakiti imekaa foleni badala ya urefu wa foleni, na kuanza kutupa mapema. Vifaa vingi vya leo vinayo mbinu hiyo au ndugu zake. Kuiwasha ni uamuzi tu.

Foleni hizi hazionekani kwa sababu ya namna tunavyopima. Grafu za waendeshaji wengi huchora wastani wa dakika tano. Njia iliyotumika asilimia 40 kwa dakika tano inaweza kuwa ilijaa mia kwa mia kwa milisekunde kadhaa, mara elfu nyingi, na kila mara ikatupa pakiti. Mhandisi anaonyesha grafu, mteja anaonyesha simu iliyoganda, na wote wawili wanasema kweli.

Hata hivyo, hakuna foleni wala ungio linaloweza kuharibu kasi kama njia mbaya. Wateja wa kampuni mbili zilizo mtaa mmoja wanaweza kuwasiliana kupitia bara jingine, ikiwa kampuni zao hazijaunganishwa nyumbani. Kenya ililiona hili mapema. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma walianzisha kituo cha kubadilishana trafiki jijini Nairobi, KIXP; Telkom Kenya, iliyokuwa na hodhi ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti akakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mabishano marefu. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 ilionyesha matokeo: muda wa kwenda na kurudi kwa trafiki ya ndani uliokuwa kati ya milisekunde 200 na 600 ulishuka ukawa kati ya 2 na 10. Ripoti yao ya 2020 ikaeleza kwamba sehemu ya trafiki ya Kenya inayopatikana humo humo nchini ilipanda kutoka asilimia 30 hadi 70, kwa mchango mkubwa wa kampuni za maudhui kuleta seva zao karibu. Dar es Salaam ina kituo chake, TIX, chini ya umoja wa watoa huduma, TISPA.

Umuhimu wa muda wa kwenda na kurudi uko kwenye hesabu ya TCP. Mtumaji hutuma kiasi fulani, kinachoitwa dirisha, husimama, husubiri risiti. Kwa dirisha la kilobaiti 64, ambalo ndilo ukomo wa muundo wa asili wa itifaki hiyo, risiti ikichukua milisekunde 100 kasi haiwezi kuzidi megabiti 5 na kidogo kwa sekunde, hata kama umelipia gigabiti nzima. Risiti ikichukua milisekunde moja, dirisha lilelile linatoa zaidi ya megabiti 500. Kompyuta za leo hupanua dirisha hilo, lakini kila pakiti inayopotea hulipunguza tena, na kwenye njia ndefu hukawia mno kukua upya. Mabadiliko ya mara mia moja, bila leza mpya. Hakuna mashine ya mwanga inayouzwa yenye ahadi ya namna hiyo.

Njia ya nyumbani haina faida ya kasi tu. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja baharini, kusini mwa Afrika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikapooza, wengi walizungumzia haja ya mikongo zaidi ya bahari. Haja ipo. Lakini siku zile tovuti ya taasisi iliyo Dar es Salaam, inayosomwa na watu wa Dar es Salaam, haikuwa na sababu yoyote ya kuguswa na kilichotokea baharini, isipokuwa ilikuwa imehifadhiwa kwenye seva za ng'ambo kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei.

Sehemu ngumu kuliko zote inabaki kuwa ardhi. Kioo ni rahisi. Gharama kubwa ni kuchimba, vibali, na kurudishia lami. Ndiyo maana inasikitisha kuona barabara moja ikichimbwa na kampuni ya kwanza, kisha ya pili, kisha mamlaka ya maji, kila mmoja akikata waya wa mwenzake. Stockholm iliamua vingine mwaka 1994: manispaa iliunda kampuni yake, Stokab, ichimbe mara moja na kukodisha faiba isiyowashwa kwa kila anayetaka kwa masharti sawa, bila yenyewe kuuza intaneti kwa mtu yeyote. Sidhani mfano huo unahamishika mzima mzima. Unahitaji manispaa inayoaminiwa na watoa huduma wanaoshindana. Ila kanuni ya bomba moja la pamoja kwenye kila barabara mpya haihitaji Uswidi. Inahitaji wakala za barabara, TANROADS na TARURA, pamoja na watoa huduma wakae meza moja kabla ya lami kumwagwa. Nairobi, kwa upande wake, imetundika sehemu kubwa ya faiba kwenye nguzo za umeme. Ni mandhari mbaya, na lori refu likipita huondoka na mtaa mzima, lakini palipokatika huonekana kwa macho na ukarabati huisha kabla ya chakula cha mchana. Wanaozidharau nguzo wangelinganisha kwanza saa za kukatika.

Faiba yenyewe imeanza kusaidia. Mtikisiko wa ardhi huusukuma uzi kwa kiasi kidogo sana, na vifaa vinavyosoma mwanga unaorudi vinaweza kutambua kwamba kuna mashine inachimba mita chache kutoka kwenye kebo, mahali gani, na papo hapo. Baadhi ya waendeshaji wa mabomba ya mafuta na nyaya muhimu duniani hutumia mbinu hiyo tayari. Katika miji yetu ingetoa onyo la dakika kadhaa kabla ya jino la kijiko kufika kwenye bomba. Ingebaki kujua ni nani ampigie simu dereva wa kijiko, kwa namba gani, na kama kibali chake kinataja mahali popote kwamba chini yake kuna waya.